Mrija wa Lazaro

Siku hiyo pombe ya mtama ilikuwa imeiva. Mke wangu alikuwa ametoa chungu nje, na mdogo wangu Lazaro alikuwa amekaa chini akikata mirija ya matete, kazi aliyoipenda kuliko palizi. Kwetu sisi Warundi wa makazi haya ya wakimbizi ya Mpanda, chungu ni kimoja na kila mtu hunywa kwa mrija wake. Mwenye nyumba ndiye anayegawa. Ukimpa mtu mrija, umemkubali. Ukimnyima mbele za watu, umemkana.

Nilikuwa mwenyekiti wa tawi la Chama. Miaka ya tisini, vita vilipowaka tena Burundi, Chama kilitujia na bendera, kadi na nyimbo za kuwalaani wakomunisti. Nyuma yake walisimama wanajeshi wa ng'ambo ya ziwa, ndio waliotoa bunduki. Katibu wetu, mtu wa viatu vya kung'aa hata wakati wa masika, alituambia kuwa wakomunisti ndio waliotufukuza kwetu. Nani angembishia? Mimi nilipewa cheo, kichwa kikavimba.

Lazaro alikataa kadi.

"Kaka, mimi nalima tumbaku, nauza kwenye ushirika. Hivyo vita vyenu nyie siviwezi."

"Ushirika ndio mlango wa ukomunisti," Katibu akasema. Tumbaku yake mwenyewe aliiuza kwenye ushirika huohuo.

Watu walipoketi kuzunguka chungu, nilianza kugawa mirija. Lazaro akanyoosha mkono. Katibu alinitazama. Nikauruka mkono wa ndugu yangu, nikampa aliyefuata, tena mrija aliokuwa ameukata Lazaro mwenyewe.

Lazaro aliurudisha mkono. Mkewe, Eliza, alikuwa amesimama pembeni na mtoto mgongoni, akaona yote.

Tangu siku hiyo hakuna nyumba iliyompa Lazaro mrija. Nyumba moja baada ya nyingine ilifuata nilichofanya mimi mwenyekiti. Watu waliacha kumwita kwenye harusi, wakaacha hata kumsaidia kubeba tumbaku yake. Baada ya mavuno alikuja kwangu na kadi mpya mkononi.

"Nimejiandikisha kwenda vitani, kaka. Sasa mtanipa mrija?"

Ningeweza kumzuia kwa neno moja. Nilimpongeza, nikampa mkono.

Tuliondoka pamoja, mimi nikiwa mkuu wa wabeba unga. Kwenye mto wa mpakani tuliwasubiri wale wanajeshi wa ng'ambo ya ziwa, walioahidi kutulinda tukivuka.

Hawakuja. Tukaanza kuvuka.

Risasi zikatoka kwenye matete.

Nilitupa gunia, nikalala kwenye tope. Lazaro alikuwa mbele yangu, maji yamemfika kiunoni.

"Kaka!"

Sikuinuka.

Mwili wake hatukuupata. Baadaye jeshi lile la ng'ambo lilisambaratika na bunduki zikakoma kuja. Katibu alihamia Mpanda mjini, akafungua duka la vipuri vya baiskeli. Ofisi ya tawi ikawa banda la mbuzi, na bendera niliiona imetandikwa uani, imeanikiwa mihogo. Neno ukomunisti halikutamkwa tena. Nilijaribu kumtupia Katibu lawama yote, ikanirudia. Yeye alinitazama tu, mkono uliogawa ulikuwa wangu.

Miaka mingi baadaye tulipata uraia wa Tanzania, na Eliza akapika pombe kusherehekea. Nilikwenda kwa aibu, nikaketi mwisho kabisa. Aligawa mirija mwenyewe, mtu mmoja mmoja, na wale waliokuwapo siku ile wakaanza kunigeukia kadiri alivyonikaribia. Niliomba kimoyomoyo aniruke.

Alisimama mbele yangu, akanipa mrija kwa mikono miwili.

"Kunywa, shemeji."

Nikauchovya mrija chunguni, nikanywa. Angeniruka, usiku ule ningelala usingizi.