Kikombe cha Bazili

Nakumbuka siku moja, mwanangu, majirani walikuja kutulimia shamba letu kule Kasulo, na jioni tukaketi kunywa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Nilikuwa msichana, tena mjuaji, na mimi ndiye niliyegawa mirija.

Bazili, jirani yetu, alikuwa amemaliza dozi ya kifua kikuu, na zahanati walishatwambia amepona. Alilima nasi tangu asubuhi, na jembe lake hakuna aliyeliogopa. Lakini zamu yake ya mrija ilipofika nilimtekea pombe kwenye kikombe cha plastiki, nikakiweka kando, kule walikofungwa mbuzi. Watu wakatazama chini. Kaka yangu Yonasi aliona. Bazili akanywa, akasema, "Asante, binti," akabeba jembe lake akaenda. Hakurudi tena kwenye chungu chetu. Nami nilijiona nimefanya la maana.

Mwaka uliofuata Yonasi akaanza kukohoa. Alisema ni vumbi la kupura maharage. Ukimtajia zahanati anakuwa mkali, na mficha maradhi, wanasema, kilio humfichua. Alipoanguka tulimbeba kwa machela. Aliyeshika mti wa mbele ni Bazili, na hakuitwa na mtu.

Hospitali waliuliza kwa nini amechelewa hivyo. Yonasi alinitazama mimi.

"Niliogopa kikombe," akasema.

Tulimzika kabla ya mvua.

Muuguzi alikuja kunieleza kwamba ugonjwa ule hupita kwa hewa ya anayekohoa, si kwa mrija, na aliyemaliza dozi akapona hana cha kukuambukiza. Kwa hiyo kikombe changu hakikumkinga mtu yeyote. Kilimfundisha kaka yangu kujificha, basi. Niliumia, na bado naumia, ingawa siku hizi nalisimulia bila machozi.

Sasa nisikilize. Hujafa hujaumbika. Mtu akikohoa wiki mbili mwambie akapimwe, tena ufuatane naye, usimtume peke yake. Akimaliza dawa akarudi, msogezee kigoda pale pale alipokuwa akikaa zamani, na usimfanye aombe.

Mungu akupe kifua kizima, mwanangu. Na siku ukiugua, akupe jirani kama Bazili, asikupe dada kama nilivyokuwa mimi.