Unene wa Mama Mdogo

Kila asubuhi nilisikia sandali za mama mdogo zikiburuzika uani kabla sijamwona. Kampuni ya madini ilikuwa imeacha kutugawia unga hapa mtaa wa Panda. Sote tulikonda, yeye akanenepa, huku akivaa sweta juani.

"Weye unakulaka wapi?" mama alimuuliza.

"Tunakulaka sahani moja, yaya," akamjibu dada yake.

Nilijua ni kweli. Mkono wake ndio uliosukuma bukari, ugali wetu, upande wangu. Sikumwambia mama, nisije nikanyang'anywa fungu hilo.

Leo najua kwamba tezi ya shingoni ikichoka, mwili huweza kunenepa hata kwa chakula kidogo, na kusikia baridi hata juani. Shingo yake ilikuwa imevimba. Sisi tuliiona kuwa ni shingo ya mtu aliyeshiba kwa siri.

Siku mama alipomwambia aondoke, alifunga kitenge chake, akanishika shavu, akatoka. Mama akaufunga mlango nyuma yake.