Mlango Usiofunguka kwa Kukisia

Je, wewe ungekubali kulala na kidonda kibichi tumboni juu ya shuka ambayo mashine imekisia tu kwamba ni safi?

Kengele hakukubali. Jina hilo alibandikwa na wenzake katika kiwanda kinachofulia nguo za hospitali, kwa kuwa hakugusa mlango wa mashine mpaka kengele yake ilie. Mashine yenyewe haikuwa na maarifa yoyote. Ilishika moto uliotakiwa kwa muda uliotakiwa, ikalia, komeo likaachia. Leo hivyo, kesho hivyo.

Kisha meneja akaleta akili bandia. Kamera ilitazama shuka zikiingia, ikapima uchafu, ikaamua zichemke kwa muda gani. Ili kuokoa mafuta ya kuchemshia maji, komeo na kengele vikakatwa nyaya, mlango ufunguke mara akili ile ikisema. Kiburi gani hicho! Kisichobahatisha kinafungwa mdomo ili kinachobahatisha kipate kusema.

Kengele akaanza kuipeleleza. Alijifanya anaondoka, halafu anageuka ghafla kama anayevizia mwizi. Alinusa shuka zikitoka, na zile alizozitilia shaka akazirudisha kimyakimya zifuliwe upya.

"Inanitazama ile," alimwambia mkewe.

"Na wewe unaitazama. Mwishowe mtaoana," mkewe akacheka.

Kicheko kiliisha daktari aliposema uvimbe wa tumboni mwa mke huyo lazima utolewe. Siku moja kabla mama huyo hajalazwa, Kengele alivuta shuka mashineni akaona doa la kahawia, limefifia lakini lipo. Akamwita fundi wa kompyuta, binti wa dada yake, aliyeifunga mitambo ile.

"Mjomba, umeanza tena?"

"Njoo unuse, msomi."

Binti hakunusa. Alifungua picha za kamera, akazipitisha moja moja.

"Nani anaingiza shuka zilizokwisha fuliwa?"

Kengele akakohoa. "Mimi. Siiamini."

"Basi wewe ndiye uliyeifundisha. Kila siku inaona shuka safi zikiingia, ikadhani za hapa hazichafuki sana. Ikawa inapunguza muda."

"Kwa hiyo mwizi ni mimi?"

"Umekosea kuficha. Mimi nimekosea zaidi, nimeiachia mlango. Mashine inayojifunza hujifunza hata upuuzi."

Meneja alipoitwa alianza na hoja ya bei ya mafuta. Binti akamkatiza: "Ichague sabuni, ipange mizigo, iongeze muda ikitaka. Kushuka chini ya kiwango, hapana. Hapo komeo lirudi."

"Bosi," Kengele akasema, "mke wangu analazwa kesho. Ukikataa, tangulia wewe kuzilalia."

Meneja alijikuna kisogo, akakubali. Shuka za siku hizo zikarudishwa zote kutoka wodini, na binti akashinda chini ya mashine na bisibisi yake. Kengele alimshikia tochi, lakini macho hayakutulia. Aliyekata waya mara moja atashindwaje kuukata tena, mafuta yakipanda bei?

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kumpeleka mkewe, alipitia kiwandani. Mzigo wa kwanza ulikuwa ndani na kioo cha mlango kimejaa mvuke. Skrini ikawaka kijani: Tayari. Akili ile ilikuwa bado haijasahau mafunzo yake mabaya. Meneja, aliyedhani hakuna anayemwona, akashika mpini, akavuta. Kimya. Akavuta kwa mikono miwili, mguu mmoja ameukanyagia ukutani.

"Limekwama!"

"Halijakwama," Kengele akasema nyuma yake.

Skrini iliendelea kung'ang'ania: Tayari, Tayari. Maji yaliendelea kuchemka. Mara kengele ikalia, komeo likaachia, na meneja, ambaye hakuwa ameacha kuvuta, akakaa chini pu, mlango wazi mbele yake na mvuke ukimfunika mpaka tai.

Kengele akamruka, akachomoa shuka ya juu, akainusa. Mara hii hakuirudisha.