Wavinya Husimama Palipo Kimya

Hapa Mugutha kuna mama anaitwa Wavinya. Alikuwa anashona kwa kiwanda cha nguo huko Thika mpaka macho yakachoka. Siku hizi anauza sukuma wiki, lakini kazi yake hasa ni kusikiliza. Mchana ploti yetu ya vyumba vya kupanga ikinyamaza, anapita kwa milango polepole. Mtoto akilia, anapita. Palipo kimya, anasimama. Habishi hodi. Unaona tu miguu yake chini ya pazia, haisongi.

Watu walisema, "Huyu Mkamba anatafuta nini kwa watoto wetu?" Mimi siogopi mtu, lakini ile miguu ilinitia baridi.

Siku moja alisimama kwa Shiko, mlango unaotazamana na wangu. Mtoto wa Shiko, Githae, hata kutembea hajajua, alikuwa anaharisha. Shiko alimnyima maziwa na maji, ati tumbo lifunge. Sasa mtoto ametulia, na Shiko amefurahi.

"Amelala, mama. Enda tu."

"Hajalala," Wavinya akasema. "Macho yake yako wazi."

Nikaingia nione. Macho yalikuwa wazi kweli, yamezama, yanaangalia mabati kama kuna mtu huko juu. Utosi umebonyea. Wavinya akafinya ngozi ya tumbo, akaachilia. Ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa. Tukaitazama. Ikarudi polepole, kama haina mwenyewe.

"Umemfanya nini?" Shiko akapiga kelele. "Mchawi! Usimguse!"

Wavinya akamtilia maji mdomoni na kijiko. Yakatoka yote kando.

"Cucu," akaniambia, maana hapa ploti nyanya ni mimi, "hawezi kumeza. Huyu, maji ya chumvi na sukari hayamtoshi tena. Ni hospitali, saa hii."

Shiko akamkumbatia mtoto, akakataa. Nikamwambia, "Wewe msichana, mchawi angetaka afe, si angekuacha tu uendelee kumnyima maji? Panda piki!"

Shiko na Wavinya walienda wote wawili na mtoto. Huko Ruiru mtoto aliwekewa maji ya mshipa. Jioni akalia, sauti mbaya kama ya paka. Shiko anasema hajasikia wimbo mtamu hivyo.

Siku hizi mtoto akiharisha hapa ploti, ananyweshwa na kunyonyeshwa, na mlango unaachwa wazi.

Wavinya bado anapita. Jana nilikuwa nimeketi nikichambua maharagwe ya njahi, sisemi na mtu. Nikaona miguu chini ya pazia langu. Nikakohoa. Haikusonga.

"Wavinya!" nikaita. "Bado niko!"

Ndipo ikaenda.