Awe Mzazi, Awe Waziri

Muuza mkaa ndiye aliyeileta habari uani, na habari ikipita kwake haikosi kuota mkia. "Mwenzangu, yule mwanafunzi wako Miwani anafukuzwa bwenini. Kisa kamleta bibi mzima awe anamfulia. Sasa wewe utakula wapi?"

Mama Pacha akamhamishia mtoto titi la pili. Mwaka mzima alikuwa akiwafulia wasichana wanne wa chumba namba tisa, Miwani akiwa mmoja wao. Miwani si wa kuajiri mtu wake peke yake. Shuka lake lilikuwa moja, linafuliwa asubuhi, jioni linarudi kitandani.

Mchana alipopeleka furushi la nguo bwenini akamkuta bibi ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa. Alikuwa mama mzazi wa Miwani. Alikuja kutibiwa jicho. Daktari alimpangia Alhamisi, na leo ni Jumatatu, siku zake mbili za ugeni zimekwisha.

Nyuma ya mlango ilibandikwa karatasi ya makubaliano, sahihi nne chini. Mama Pacha akaisoma polepole mpaka kanuni ya tano: mgeni asilale zaidi ya siku mbili, awe mzazi, awe waziri.

"Hapo pa mzazi na waziri alipaongeza Miwani mwenyewe," akanong'ona msichana wa kitanda cha juu, bila hasira. "Binamu yangu alipokaa siku ya tatu, Miwani alinisomea hiyo kanuni mpaka nikalia. Mimi leo sijamfukuza mtu. Nimesema tu iko mlangoni."

Bibi akainuka, akaja akaipapasa karatasi kwa kiganja. "Mwanangu tangu mdogo ana mwandiko mzuri."

Miwani alikuwa akikunja khanga ya mama yake, akiikunjua, akiikunja tena.

Mama Pacha alipotoka, akasikia ndala nyuma yake kwenye ngazi. Kabla hajageuka alishakiona akilini chumba chake chote: kitanda kimoja, mume, pacha wawili, baiskeli inayolala ndani, na beseni lisilopata mahali ila chini ya meza.

"Dada," Miwani akasema, miwani mkononi, "naomba mama akalale kwako mpaka Alhamisi. Hata kwenye kiti atalala. Ila usimwambie ni kanuni. Mwambie wewe ndiye uliyemtaka."