Pani Aliyoinyoosha Baba

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa natoka dukani Randburg, hapa Johannesburg, mikono imejaa mifuko, nikasikia chuma kinaimba. Ukishaizoea sauti ya pani, ile ngoma ya chuma inayotengenezwa kwa pipa, huwezi kuidhania kitu kingine: si kengele, si kinanda, ni chuma kilichofundishwa adabu. Watoto wa shule fulani walikuwa wamepanga pani zao karibu na mlango, wanapiga wimbo wa kuchangamka, wazazi wanawachukua video. Kila mtu alikuwa anatabasamu. Mimi niliweka mifuko chini. Nilikaa kwenye benchi mpaka maziwa niliyonunua yakapoteza ubaridi. Wacha niwaeleze ninyi, maana hata mume wangu sijamweleza yote.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa Hillbrow, ghorofa ya saba, lifti ikifanya kazi siku inayotaka yenyewe, na nilisoma shule moja ya Observatory. Shule ile haikuwa na uwanja wa maana wala maktaba ya maana, lakini ilikuwa na bendi ya pani. Mwalimu wetu, Mem Thandi, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha taxi iliyo upande wa pili wa barabara. Siku ya kwanza alitusimulia kwamba kule Trinidad wakoloni waliwakataza watu weusi ngoma zao za ngozi, basi wakaokota makopo ya biskuti, vifuniko vya mapipa ya taka, na mwisho mapipa ya mafuta, wakayagonga mpaka yakatoa nyimbo. "Kwa hiyo ukigonga pani ovyo," alisema, "unawatukana waliopigwa virungu kwa ajili yake." Tuliogopa hata kuziegemea.

Yangu ilikuwa ile pani ndogo inayobeba sauti ya wimbo. Ukiitazama kwa juu ni kama karai, na ndani ya karai kuna nundu, nyingine kubwa kama kiganja, nyingine ndogo kama yai, na kila nundu ina noti yake. Fundi huzigonga kwa nyundo ndogo, siku baada ya siku, huku ametega sikio, mpaka kila moja iseme jina lake sawasawa. Asiyejua angedhani ni pipa lililoanguka kutoka kwenye lori.

Zilikuwa zimebaki siku nane tufike kwenye tamasha la shule, na mimi nilikuwa nimepewa kipande cha kupiga peke yangu, wenzangu wote wamenyamaza. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mzito, basi Mem akaniruhusu kwenda na pani nyumbani nikafanye mazoezi. Sharti lake lilikuwa moja: anayeharibu pani hapigi. Ijumaa ile nikashuka kwenye taxi pale robot, kwenye taa za barabarani, mkanda wa mfuko ukakatika, pani ikajigonga kwenye ukingo wa barabara. Ndani ilikuwa salama. Ubavuni ilikuwa imebonyea, upana wa mkono wangu.

Sikulia. Nilijiona mwenye bahati kuliko watoto wote wa Johannesburg, kwa sababu baba yangu alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Alikuja kutoka Lubumbashi na nyundo tatu na suti moja, na wateja walisema gari likitoka mikononi mwake linasahau ajali. Pani hakuwahi kuiona. Alijua tu kwamba binti yake anapiga ngoma shuleni, na kwamba Jumamosi ni siku ya kazi.

Kesho yake asubuhi nilimpelekea gerejini. Grainda zilikuwa zinapiga kelele, harufu ya rangi inakata pua. Baba aliichukua pani, akaigeuzageuza, akaipapasa kwa vidole kama daktari anayetafuta panapouma. Niliinama kando yake nikasema, "Hapa pembeni tu, Baba. Ndani usiguse." Macho yake hayakutoka kwenye chuma. Akatikisa kichwa kukubali. Nikaenda kwenye mazoezi ya kwaya, moyo mweupe.

Niliporudi adhuhuri alikuwa ananingoja mlangoni, amenawa uso. Pani ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa safi.

"Kuya uone, mama," akasema, maana ndivyo alivyoniita. "Ilikuwa na mashimo kila fasi! Nilishanyoosha yote. Ata mwalimu hatayua."

Akavuta kitambaa. Ndugu zangu, nimeona mambo katika mji huu, lakini sijawahi kupigwa na bumbuwazi kama pale. Hapakuwa na nundu hata moja. Ndani ya pani palikuwa laini kama beseni jipya, pamesuguliwa hadi nikauona uso wangu. Nilichukua kijiti nikagonga. Ko. Nikagonga pengine. Ko. Kifuniko cha sufuria kingetoa sauti bora. Baba alikuwa ananitazama usoni, anatabasamu, anangoja nifurahi.

Kwa kawaida nilimjibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi tuliokulia huku, lakini hasira iliniletea Kiswahili. "Weye kiziwi?" nilipiga kelele. "Nilikwambia ndani usiguse! Kiziwi weye!" Baba aliokota kitambaa akaanza kufuta mikono, kidole kimoja kimoja. Tabasamu liliondoka polepole. Nilitoka mbio nikaiacha pani pale pale, na jioni aliileta nyumbani mwenyewe, akaiweka kando ya kitanda changu.

Jumatatu Mem Thandi aliitazama, akakaa chini. "Eish," akasema. Alimwita fundi wa pani, Mzee Carlton, mzaliwa wa Trinidad aliyeoa Soweto akabaki huku. Nilitegemea kufokewa. Yule mzee alipitisha kiganja ndani ya pani, mara moja, mara mbili, akaguna.

"Nani amefanya hivi?" aliniuliza. "Miaka yote natafuta mtu wa kunyoosha chuma namna hii bila kukichana. Nipeleke."

Tulikwenda watatu. Baba alikuwa ameinamia mlango wa gari, ametugeuzia mgongo. Mzee Carlton alisimama nyuma yake, akaokota spana, akaipiga kwenye pipa tupu. Mimi niliruka. Mem aliruka. Baba aliendelea kupapasa mlango wake.

Mzee akanigeukia, akaniuliza taratibu, "Baba yako ameacha kusikia tangu lini?"

Nilimwambia anasikia. Nilimwambia kwa ukali. Mzee Carlton akagusa sikio lake la kushoto. "Sisi wagonga chuma tunaishia hapa, binti. Hili langu nalo limekwenda." Kisha akaweka kidole mdomoni na kumtazama bosi wa gereji kule ofisini, nikaelewa, hata kwa akili ile ya kitoto, kwamba siri hii ndiyo iliyokuwa inatulisha.

Sharti la Mem halikubadilika. Sikupiga kipande changu. Ila bendi ya pani ina kitu kinachoitwa chuma: dramu ya breki ya gari, inayogongwa kwa fimbo za chuma ili wote washike mwendo. Mem alinipa hiyo niigonge, lakini yetu ilikuwa na ufa. Baba alichagua nyingine kwenye vyuma chakavu, akizishika moja moja kifuani wakati mzee anazigonga, mpaka akapata iliyompendeza. Siku ya tamasha aliomba ruhusa kwa mara ya kwanza, akavaa suti, akasimama kando ya jukwaa amebandika kiganja kwenye mbao. Nilipogonga, alitikisa kichwa, na hakukosea pigo hata moja.

Nilifurahi siku ile, siwafichi. Na nilikuwa na faraja moja ya siri niliyoibeba kwa miaka mingi: kama Baba hasikii, basi lile neno halikumfikia.

Mwaka juzi tu, Mama na mimi tukichambua mboga, nilimweleza kisa chote, hata lile neno, nikacheka kidogo ili lipite. Mama hakucheka. "Baba yako anasoma midomo tangu hujazaliwa," akasema. "Mbona kanisani anakaa mbele? Kiswahili hakimpiti ata neno. Ukiangaliana naye, anakusikia."

Kisu kilinitoka mkononi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wazee walisema, nami nilikuwa nimejikwaa nikiwa nimemtazama baba yangu usoni, kwa karibu, kwa Kiswahili safi.

Nikakumbuka pia kwamba kuanzia mwaka ule, kila nilipopandisha hasira nyumbani, Baba alikuwa anageuza uso dirishani, anatazama paa za Hillbrow mpaka nimalize. Ujana wangu wote niliamini ananidharau. Kumbe alikuwa anaziba masikio.