Bakuli la Kuwekea Funguo

Jumanne asubuhi simu ililia nikiwa natafuta soksi, na sauti ya mwanamke nisiyemjua ikaniambia kwamba mamake amefariki. Alikuwa yule mama wa Migosi aliyeuza mabakuli meusi pale njia panda ya Mamboleo, hapa Kisumu. Nilikaa kitandani kwa mshtuko. Wiki mbili tu kabla ya hapo nilikuwa nimemwona, mzima kabisa, akinitania kuhusu kitambi changu. Nikampa binti pole, nikaanza kujiandaa kwa ombi la mchango, maana ndivyo simu kama hizi zinavyokwenda kwetu. Hakuomba mchango. "Mzee, hiyo bakuli ulinunua kwa mama bado uko nayo?" akauliza. Nikasema ninalo. "Tafadhali usiioshe na maji moto. Nakuja kuiona leo." Nilipomuuliza nambari yangu aliipata wapi, akasema kwenye simu ya mama wateja wote walikuwa na jina la kwanza moja: Bakuli Mwalimu, Bakuli Kanisa, na mimi nilikuwa Bakuli Gazeti.

Mabakuli yale yalitengenezwa kwa santuri kuukuu, zile sahani kubwa nyeusi za muziki. Mama aliweka santuri juu ya mkebe wa mafuta ya kupikia, akaimwagia maji yanayochemka, kingo zikalegea na kuning'inia kama sketi. Zikipoa, unageuza na kupata bakuli la njugu au matunda. Nilinunua langu miaka kama sita iliyopita, nikaliweka kwenye meza ninayoandikia safu hii, na kila asubuhi nimelivuta kwangu kuchukua funguo. Siku ya kununua nilimuuliza anazipata wapi hizo santuri. "Ziko tu nyumbani," akasema. "Zilikosa mtu." Nikalipa nikaenda zangu.

Sasa nitaje jambo ambalo ningependa mlisahau. Mwaka jana niliandika hapa kwa hasira kuhusu bendi za roki zilizokuwa Kisumu enzi za suruali zilizopanuka chini, vijana waliopiga magitaa ya umeme kwa kelele tamu ambayo mji huu, uliokuwa umelewa muziki wa benga, haukuitaka. Leo watu wa mbali wanazitafuta santuri zao kwa udi na uvumba, na sisi hatuna hata moja. Nililaumu redio, nikalaumu maduka, nikawalaumu na ninyi wasomaji. Nikamalizia kwa kusema kwamba wanamuziki wale walipotea na hakuna ajuaye walikokwenda. Niliipenda sana sentensi ile. Wiki hiyohiyo nikapita Mamboleo, na mama akaniita, gazeti limekunjwa mapajani. "Nimesoma hiyo maneno yako, Bwana Gazeti. Umeandika mzuri," akasema. "Lakini hao watu hawakupotea. Walizaa tu watoto." Nikacheka. Nilidhani ni utani wa sokoni, nikanunua ndizi kwa jirani yake nikaondoka.

Binti alifika kabla ya saa sita mchana akiwa na jalada tupu la santuri. Juu yake kulikuwa na ndege aliyechorwa pembeni, vijana watatu wenye nywele ndefu za kuchanua, na katikati yao msichana aliyeshika gitaa la umeme, kidevu juu. Nilimtambua kwa kile kidevu: ni mama yule wa mabakuli, alivyokiinua akinitania. Binti mwenyewe alikuwa bado hajaamini. Alilikuta jalada lile chini ya nguo sandukuni, siku moja baada ya kifo. Yeye alimjua mamake kama mjane aliyeolewa Port Victoria na kuimba kwaya kwa sauti ya chini, basi. Ni shangazi aliyefungua mdomo: santuri za bendi zilikosa wanunuzi, mama akarudishiwa makatoni, yakakaa chini ya kitanda mpaka watoto walipofukuzwa shule kwa ajili ya karo. "Mimi nimesoma na hizo bakuli, Mzee," binti akaniambia. "Alikunja sauti yake moja moja na sikujua. Nimepigia wateja wote. Zingine zilivunjika, zingine walitupa. Yako ndio imebaki. Nataka tu nisikie mama kabla tumzike Jumamosi."

Nikamwaga funguo, sarafu na maganda ya njugu. Chini kabisa, kwenye karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri, alikuwepo ndege yuleyule aliyechorwa kwenye jalada. Nilikuwa nimemtazama ndege huyo miaka sita.

Tulikwenda kwa fundi wa redio mjini ambaye bado ana mashine ya santuri. Aligeuza bakuli, akaligeuza tena. "Hii haiwezi lia yote," akasema. "Lakini hapa chini ilikaa kwa mkebe, haijakunjika." Akatafuta mkebe wa aina ileile, akausimamisha katikati ya mashine na kulifunika bakuli juu yake, jinsi mama alivyolitengeneza. Kisha akaung'oa mkono wenye sindano akaushika kwa vidole. Kwanza tulisikia mkwaruzo mbaya, na nikajua mara moja unatoka wapi: upande ule ndio niliokuwa nikiuburuta mezani kila asubuhi. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Halafu, ndani ya mkwaruzo, gitaa likanguruma, na sauti ya msichana ikapanda juu yake, kali, isiyomwogopa mtu. Haikufika dakika moja. Gitaa lilipofifia, msichana akawauliza wenzake, akihema na kucheka, "Turudie?" Binti hakulia. Alimwambia fundi arudie, akatoa simu yake kurekodi.

Jumamosi kule Port Victoria, kabla ya jeneza kushushwa, binti aliunganisha simu yake na spika. Mwanakwaya mmoja aliyeimba kando ya marehemu miaka na miaka akaniinamia. "Huyu ni nani anaimba hivi?" Nikamwonyesha jeneza, naye akashika mdomo.

Bakuli nimemwachia binti. Mimi nalipwa kwa kuuliza maswali, wasomaji wangu, na mama yule alinipa nafasi mara mbili, mara ya pili akiwa na maandishi yangu mapajani. Swali moja zaidi lingetosha. Kwa hiyo kesho ukinunua kitu kwa mtu, muulize alikuwa nani kabla hujamjua, na akikujibu usicheke ukaenda zako. Usingoje binti yake akupigie simu.